Bakuli Moja la Rangi

Kristo wa ukutani alikuwa hana macho bado. Ndivyo mchoraji alivyozoea kufanya kazi: sura yote kwanza, macho mwisho. Kesho asubuhi askofu angekuja kuubariki ukuta, na mchungaji alikuwa akizunguka chini ya ngazi, jasho limemlowesha kola.

Ulikuwa ukuta wa siku ya hukumu. Katikati Kristo, kulia waliookoka, kushoto waliotupwa. Mbele ya hao wa kushoto, kwa agizo la mchungaji mwenyewe, walisimama Wayahudi. Marehemu baba yake alihubiri hivyo katika kanisa hilihili miaka thelathini: Mungu aliachana nao, akatuchukua sisi. Mwana alirithi mimbari pamoja na maneno yake, wala hakuwahi kuyahoji.

Ila leo kitu kilikuwa kinamkera.

"Fundi, mbona hawa wa kushoto wanafanana na Bwana?"

"Ni ndugu zake, Mchungaji. Watu wa ukoo mmoja nawachanganyia rangi bakuli moja. Yeye, mama yake, mitume, na hawa. Sikuona sababu ya kuchafua bakuli la pili."

"Wabadilishe."

"Sawa. Na mama yake nimpake rangi ya nani?"

Mchungaji alimtazama yule mama upande wa kulia, kisha wale wa kushoto: wajomba, mashangazi, binamu. Kumbe alikuwa ameagiza msiba wa familia nzima, na mfiwa amemweka katikati. Aliona aibu. Aliogopa pia, maana kuufuta upande ule kulikuwa sawa na kumfuta baba yake.

"Baba yangu hakuwa mtu mbaya," alisema.

"Sijasema neno, Mchungaji. Mimi na brashi yangu tu." Fundi alichuchumaa chini ya ngazi, akakoroga kikopo cha rangi nyeusi. "Lakini muda hautungoji. Niambie, aangalie wapi? Kulia au kushoto?"

Nje, wanakwaya walikuwa wakirudiarudia wimbo wa kumpokea askofu. Mchungaji aliikodolea macho ile sura isiyo na macho, akahisi ndiyo inayomtazama yeye.

"Kushoto," alisema hatimaye. "Macho ya mtu aliyewaona watu wa kwao."

Fundi aligeuka. "Na askofu kesho?"

Mchungaji alivua koti, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Panda. Nakushikia."