Mume wa Irine

Tangu Irine aliporudi kutoka darasani Jumamosi akiwa kimya, Philomena hakupata usingizi wa maana. Irine alikamua ng'ombe, alipika, aliogesha binti zake wawili, kila kitu kama kawaida, ila maneno yalikuwa yamemkauka. Na Philomena, ambaye kijiji kizima cha Machochwe kinajua hakuwahi kumwogopa mtu, wala tembo wanaotoka hifadhini kuja kula mahindi yake, sasa alikuwa anamwogopa msichana aliyemwoa mwenyewe.

Ndiyo, aliyemwoa. Mumewe alifariki akamwachia nyumba na ng'ombe bila mtoto hata mmoja. Philomena akafanya wanavyofanya Wakurya: akatoa mahari, akamleta Irine kwa ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke anaoa mwanamke ili nyumba isife. Watoto wa Irine, awe amezaa na nani, ni wa nyumba ya Philomena. Irine alimwita mama, wakalima pamoja, wakacheka pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilikuja na Kiingereza.

Irine alitaka kazi kwenye kambi za watalii, na huko bila Kiingereza utaishia kuchota maji. Basi kila Jumamosi alikwenda kwa mwalimu Simioni, aliyefundisha watu wazima kanisani. Siku hiyo somo lilikuwa la familia. Mwalimu akauliza kila mwanamke husband wake, yaani mume, anaitwa nani, na Irine, bila kupepesa macho, akamtaja Philomena. Darasa likacheka mpaka watu wakashika mbavu. Philomena aliyasikia hayo kwa jirani, kwa sababu Irine mwenyewe hakusema kitu.

Halafu Jumatatu asubuhi akamkuta anapanga nguo za watoto kwenye begi. Akamuuliza anakwenda wapi. Irine akajibu kwamba anazipanga tu. Jamani, nani anapanga nguo kwenye begi hivi hivi tu? Philomena alijiona amebaki peke yake katika nyumba ile, hana wa kumwita mama, hana wa kumfunika akiugua. Akajitupia khanga begani na kutoka bila kuaga, moja kwa moja hadi kwa mwalimu.

Simioni alimwamkia shikamoo, naye hakuitikia. Alitaka kujua ni neno gani hilo lililoingia kwake kumfukuzia mke. Mwalimu, kijana wa watu mwenye adabu zake, alikuwa anajuta tangu siku ile. Akamkaribisha kiti, akafungua kamusi yake nene, akamsomea taratibu.

Neno hilo, alieleza, Waingereza hawakulitunga. Waliletewa zamani na watu wa kaskazini waliokuja kwa merikebu, wakapora, halafu wakatulia wakalima. Lilikuwa maneno mawili yaliyounganishwa: nyumba, na mtu anayekaa humo akiwa na shamba lake na mifugo yake. Habari ya kuoa ilifuata baadaye. Mpaka leo kazi ya bwana mifugo kwa Kiingereza, animal husbandry, imebeba neno hilo hilo.

"Wazee wao walimfikiria mwanamume, mama, sitakudanganya," Simioni alisema. "Lakini ukilifungua neno lenyewe, ndani humkuti mwanamume. Unakuta nyumba na mwenye kukaa humo."

Philomena akaitikia marahaba yake, iliyochelewa, akarudi nyumbani karibu anakimbia. Nyumba alikuwa nayo, shamba alikuwa nalo, ng'ombe walikuwa zizini. Alimweleza Irine yote, huku anahema, akaona wamecheka bure wale, na jambo limekwisha.

Irine alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado ndani ya begi.

"Walivyocheka, na mimi nilicheka nao, mama. Hayo hayakuniuma."

Kilichomuuma kilikuwa Waitara, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe Philomena. Alimsubiri njiani siku ile ile akitoka darasani, akamwambia kwamba nyumba yenye mabinti watupu haina mwenyewe. Mama akifumba macho tu, ajiandae kuondoka.

"Huyo mwenye kukaa humo," Irine akauliza, "ukifa wewe, ni mimi au ni Waitara?"

Philomena akakaa kitandani. "Nilidhani unataka kuniacha."

"Niende wapi? Nguo nimezipanga ili siku wakitutoa, watoto wasitoke uchi."

Miaka yote Philomena alijihesabu yeye ndiye wa kuachwa. Aliona haya, na hofu yake ikawa kubwa kuliko ile ya asubuhi, maana hii haikuwa ya kufikirika. Akamwambia Irine avae viatu.

Walimkuta Waitara nje kwake, na mkewe, na majirani waliokuja kupura ulezi. Akawaletea viti, akaagiza chai. Philomena hakukaa. Alimshika Irine mkono, akamsogeza mbele, na sauti yake, iliyozoea kufukuza tembo, ilitoka inatetemeka.

"Nimekuja kukuonyesha mwenye nyumba yangu. Hata nikifa usiku huu, anayebaki humo ni huyu na binti zake. Nimesema mbele ya watu."

Waitara alimtazama Irine, akatabasamu, akawahimiza wanywe chai kabla haijapoa. Hakuna aliyeinywa.