Karatasi Mia Nne na Sita

Bango lile lilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na ndiyo maana hasira zilimpanda maradufu. Lilisimama langoni mwa hospitali, herufi za buluu zenye urefu wa mkono: SEMA MAPEMA UNAVYOTAKA KUHUDUMIWA. ANDIKA. TUTAKUSIKILIZA. Brashi, kama watu wote walivyomwita mchora mabango huyu, alilichora siku nne juu ya ngazi, jua likimchoma kisogo. Leo asubuhi alilipita mbio, na sasa muuguzi wa wodi alikuwa akimwambia kwamba kwenye faili la mama yake hakuna karatasi yoyote ya namna hiyo.

"Hebu angalia tena, dada yangu."

"Nimeangalia mara tatu. Kuna vipimo, kuna dawa, kuna picha za mapafu. Hiyo unayoitaja haimo."

"Haimo vipi? Aliijaza nikimwona kwa macho yangu haya!"

Na ni kweli alimwona. Mama yake alikuwa karani wa posta miaka thelathini na miwili, mchambuzi wa barua, na hakuna kitu kilichomtia wazimu kama barua isiyomfikia mwenyewe. Siku bango linachorwa, alikuja na chupa ya chai, akasimama chini ya ngazi, akalisoma kwa sauti. Kisha akauliza, "Hawa wanasema kweli, au wanapamba lango?"

"Mama, mimi nachora tu," Brashi alijibu akicheka.

Mama hakucheka. Mwaka uliotangulia mapafu yalimlaza kwenye mashine siku kumi na moja, mpira umepitishwa kooni, mikono imefungwa kitandani asije akauchomoa. Alipotoka alisema hilo harudii, hata kwa dawa. Basi akaenda kwenye meza ya kampeni palepale langoni, akaomba fomu, akaijaza kwa mwandiko wake ulionyooka, akamkabidhi ofisa mkononi. Halafu akaomba risiti. Ofisa akacheka mpaka akashika mbavu: "Bibi, hapa si posta!"

Sasa Mama alikuwa hapo kitandani, macho nusu wazi, barakoa ya oksijeni usoni, kila pumzi inavutwa kwa taabu. Kusema hawezi. Daktari alikuwa amewaeleza bila kuzunguka: ikifika saa nane mchana bila nafuu, atapelekwa kwenye mashine na mpira utarudi kooni.

"Na safari hii sidhani kama atatoka," daktari aliongeza. "Lakini bila maandishi yake mwenyewe, nafuata sahihi ya mwanawe mkubwa."

Huyo mwana mkubwa alikuwa ameshaishika kalamu. Nyumbani walimwita Meneja, kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, hata sufuria jikoni aliziamrisha zichemke.

"Mama yangu hafi na mimi nipo," alisema. "Watu watasema tulimtupa."

"Watu gani, kaka?"

"Watu!"

"Hao watu ndio waliofungwa mikono siku kumi na moja?"

"Brashi, usinitafute ubaya. Ile karatasi ilikuwa uchuro mtupu. Mtu mzima na akili zake anajiandikia kifo? Nilimkanya siku ileile. Na sasa wanasema haipo, basi yamekwisha."

Brashi alitamani kumnyang'anya ile kalamu aitupe dirishani. Lakini kaka ni kaka. Akasema, "Nakuomba, kaka. Nakuomba kwa heshima zote, usitie sahihi mpaka nirudi."

Meneja akatazama saa ya ukutani. "Saa nane. Haizidi hata dakika."

Ilikuwa saa tano na nusu. Brashi aliteremka masijala, kwenye chumba cha mafaili, akamkuta mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee akatikisa kichwa. "Karatasi za kampeni? Hapa haijafika hata moja, binti yangu. Sisi wenyewe tulizisikia redioni. Jaribu kwa wahamasishaji, wale wenye kampeni yao, ghorofa ya juu kabisa."

Kule juu palikuwa na zulia, na ukutani cheti cha pongezi ndani ya fremu. Ofisa alikuwa yuleyule wa kushika mbavu.

"Fomu za wananchi? Ziko salama salimini!" akasema kwa furaha, akaonyesha kasha la karatasi ngumu pembeni mwa meza. Juu yake palikuwa na birika la chai na vikombe viwili. "Mia nne na sita. Tulizihesabu, tukaandika ripoti, tukavuka lengo."

"Na madaktari walizisoma lini?"

"Madaktari?" Ofisa akakuna kidevu. "Hizo zilikuwa za ripoti, dada. Kuzipeleka kwenye mafaili hakukuwemo kwenye mpango kazi."

Loo! Watu mia nne na sita! Wametoka makwao, wengine wakitembelea fimbo, wameketi wakaandika jambo ambalo hata kwa watoto wao wanaogopa kulitamka, na hawa wamelifanya kuwa meza ya chai.

"Mama yangu alikuomba risiti ukamcheka," akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Watu wamekukabidhi roho zao, wewe umeziwekea birika!"

"Punguza sauti, dada, hii ni ofisi."

"Na kule ni wodi!"

Aliliondoa birika, akalipindua kasha, karatasi zikamwagika zuliani. Ofisa aliinuka, akauona uso wa Brashi, akaketi tena. Brashi alipiga magoti. Mama alimfundisha tangu utotoni kwamba rundo halitafutwi, rundo linachambuliwa, basi akachambua kwa herufi ya kwanza, mafungu kwa mafungu. Hakutaka kusoma ya watu, lakini macho hayana pazia. Mmoja aliandika asikatwe mguu wa pili. Mwingine aliandika: mwiteni dada yangu, tumegombana, lakini mwiteni.

Ya Mama aliipata saa saba na dakika arobaini. Alishuka ngazi mbilimbili, akaingia wodini akihema, akampa daktari. Daktari akaisoma kwa sauti, Meneja akisikiliza na kalamu yake mkononi.

"Nisiwekwe kwenye mashine wala nisipitishiwe mpira kooni. Nipewe dawa ya kutuliza kuhema, nirudishwe nyumbani, kitanda changu kiwekwe dirishani. Mwanangu mkubwa atakataa. Si kiburi, ni woga, yuko hivyo tangu mdogo. Mwambieni hakunitupa. Na mtu yeyote asimlaumu."

Meneja akaiweka kalamu chini. Alilia palepale, mtu mzima na koti lake, akimshika Mama mkono. "Kumbe alinijua," alisema, mara mbili, tatu.

Jioni ileile Mama alikuwa nyumbani, kitanda dirishani. Muuguzi aliwaonyesha namna ya kumdondoshea dawa chini ya ulimi, na pumzi zikatulia. Alifariki siku ya tatu asubuhi, mkono mmoja kwa Meneja, mwingine kwa Brashi, na hakuna aliyeifunga.

Zile karatasi nyingine mzee wa masijala alizipandia mwenyewe ghorofani, akazibeba kifuani, akaziweka moja moja kwenye mafaili yake. Alipomaliza alimtumia Brashi salamu za rambirambi, pamoja na hesabu ambayo haikuwa kwenye ripoti yoyote. Wenye karatasi thelathini na mmoja walikuwa wameshafia humo hospitalini. Yule aliyeandika dada yake aitwe alikuwa mmoja wao. Dada hakuitwa.

Siku ya tatu baada ya maziko Brashi alirudi langoni na ngazi yake na makopo mawili ya rangi, nyeupe na, safari hii, nyekundu. Mlinzi akamsogelea. "Umeagizwa na nani?"

"Na mama yangu."

Akapanda. Neno TUTAKUSIKILIZA alilifunika lote kwa rangi nyeupe, akasubiri likauke, kisha juu yake akaandika, kwa herufi zenye urefu wa mkono: OMBA RISITI.