Bega la Wanu

Bi Kazija, mwalimu wa mpira wa pete, hakuwa mtu wa kubembeleza. Mchezaji akilia kwamba kasukumwa, humjibu, "Umesukumwa, hukuliwa. Rudi uwanjani." Lakini kwa Tahiya maneno yalikuwa yamemwishia. Mtoto hodari wa kufunga, Bububu nzima hana mwenzake, basi akiguswa bega tu hujikunja na kuachia mpira. Na alikuwa hivyo tangu Wanu afe.

Wanu ndiye aliyekuwa akimkaba mazoezini, miaka miwili, bega kwa bega kila jioni. Homa ya siku tatu ikamchukua. Sasa kesho majina ya timu yanapelekwa, na ami yake Tahiya, Bwana Haroub, keshasema: asipochaguliwa, mpira wa pete basi, akae nyumbani. Bi Kazija ameshaondokewa na mmoja. Hakuwa tayari kumpoteza wa pili.

Jioni ile alibaki naye chini ya goli, wenzake wakinawa miguu bombani. Akamfunga macho kwa mtandio, zoezi alilowafundisha wote.

"Nassra atakuja kukukaba. Mikono usiitumie. Tanua miguu, mpe mgongo, msikie yuko wapi. Akikuegemea, na wewe muegemee. Pahala ni pako."

"Naam, mwalimu."

Magharibi ilikuwa inaingia, saa ambayo watu hawaitani majina ovyo. Alitaka kumwita Nassra aje kutoka bombani. Ulimi, kwa mazoea ya miaka miwili, ukamteleza.

"Wanu, ingia umbane!"

Kule bombani vicheko vikakatika. Astaghfirullah, kafanya nini? Kabla hajatengeneza kauli, Tahiya alikwishaegemea nyuma, visigino vimezama mchangani, mwili umelala kwa namna ambayo mtu peke yake lazima aanguke. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Bi Kazija alipaswa kusimamisha zoezi pale pale, na mwenyewe alijua. Lakini mtoto hakujikunja. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa anashindana, tena anatabasamu. Basi Bi Kazija, Mungu amsamehe, akamtia mpira mikononi. Tahiya akageuka, akarusha na macho yamefungwa. Ukaingia.

"Tena," akasema Tahiya.

Akampa wa pili, na wa tatu. Wa nne Tahiya hakuweza kuuinua. Pumzi ilikuwa inamkatika, na miguu yake inaburuzwa taratibu kuelekea njia ya makaburini.

"Nassra, basi, unaniumiza. Mwalimu, mwambie aniachie."

Nassra alikuwa bombani, kopo mkononi, analia.

Bi Kazija akapiga filimbi mara tatu, haikusaidia kitu. Ndipo alipoelewa kwamba aliyekuja ni mtoto aliyeitwa na mwalimu wake, naye anafanya alichofundishwa. Huruma ikaishinda hofu. Akageuka, akatanua miguu.

"Wanu, mwanangu, mwache mwenzako. Njoo kwangu."

Tahiya akaanguka kifudifudi, akavuta pumzi kwa nguvu. Nassra akaja mbio kumfungua macho.

"Nendeni nyumbani," Bi Kazija akawaambia, hakugeuka. "Tahiya, jina lako limo."

"Na wewe, mwalimu?"

Lilikuwa bega dogo, la baridi, na alilijua. Lilimwegemea kwa nguvu zake zote. Bi Kazija akaanza kulia, akazamisha visigino, na yeye akaliegemea.

"Tangulieni, mimi nipo hapa kwanza," akasema.