Mteja wa Mkekani

"Nimesema sikai hapo chini, madamu! Nipe sifuri yako niende zangu."

"Yangu? Itakuwa yako hiyo," mwalimu Sabah alimjibu, mikono kiunoni. "Wenzako wote wameuza. Wewe una nini, malkia?"

Darasa likacheka. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, na katikati pametandikwa mkeka wenye mafungu ya nyanya na ndizi. Sabah alichoka zamani kuona vijana wakimsinzilia, ndiyo maana katika chuo chao kidogo mtaani Kyambogo somo la biashara liligeuzwa soko. Zamu ilikuwa ya Docus, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, naye alikwisha kubeba mkoba.

"Anaogopa kuchafua sketi!" Okwir alitania.

"Nyamaza wewe! Kwako ni mchezo." Docus alimgeukia. "Mimi nimeuza nyanya sokoni Namuwongo tangu sijang'oa meno ya utoto. Unapiga magoti, unambembeleza kila bibi na bwana, 'nunua nyabo, nunua ssebo', na watu wanakupita kama jiwe. Mama kanileta hapa nisiurudie mkeka. Leo niurudie, tena kwa kulipa ada?"

Sabah alijiona mjinga. Muhula mzima ameusifu mkeka wake, asiulize hata siku moja ni nani aliyeukimbia. Na alimjua Docus: akivuka mlango ule, harudi tena chuoni.

"Okwir, lete kiti changu."

Kiti cha mwalimu kikawekwa mbele ya mafungu.

"Docus, keti. Leo wewe ndiye mteja. Nisumbue unavyotaka."

Msichana hajajibu, Sabah amekwisha kuvua viatu, amekusanya gauni lake, yuko magotini nyuma ya nyanya.

"Karibu, nyabo! Umeamkaje? Nyanya zangu za leo tamu kama embe."

Docus aliutazama mlango, kisha akamtazama mwalimu wake pale chini. Akatua mkoba. Akakaa ukingoni mwa kiti, halafu akajiegemeza vizuri. Aliokota nyanya moja, akaibonyeza, akakunja uso.

"Hii imelala, mama. Embe gani hilo?"

"Basi usikasirike, mwanangu. Chukua fungu, nakutilia nyongeza." Sabah aliweka nyanya moja juu.

"Nyongeza moja? Wewe mchoyo!"

"Haya, mbili," alisema Sabah, akaongeza ya pili, na Docus akacheka.