Ya Wapagazi na ya Mjane

Wiki ya tamasha la filamu ilipofika, kinyozi hakuwa na haja na filamu yoyote duniani isipokuwa moja, na hiyo moja hakujua ni ipi.

Wenzake walikuwa na shida za raha. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, shuka shingoni, kijitabu cha ratiba mapajani, analalamika kwamba filamu nzuri zimerundikwa siku moja na mbovu zimetawanywa wiki nzima. "Hii ya Jumanne ni safari ya mwanamke ndani ya ukimya wake," akasoma. "Halafu ni ndefu kweli kweli." Mteja aliyekuwa anangoja zamu kwenye benchi akasema ukimya wa namna hiyo yeye anaupata nyumbani bure, akichelewa kurudi tu. Kibanda kizima kikacheka. Kinyozi naye akacheka kidogo kwa adabu, maana mtu aliyekukabidhi shingo yake humnunii.

Mtoto wake wa kiume alikuwa amefariki tangu msimu wa mvua uliopita, kwa ajali ya pikipiki, akitoka kazini. Alikuwa fundi taa wa wapiga filamu, na kwa wembamba wake wenzake walimwita Waya. Kazi yake ilikuwa nyuma ya kamera siku zote. Mara moja tu, wakipiga picha kwenye kituo cha reli, walipungukiwa na watu wa kupita, wakamwambia avae koti apite. Jioni hiyo alirudi nyumbani akijisifu mpaka mama yake akamwambia afunge mdomo ale. Jina la filamu hakulitaja. Au alilitaja, wao hawakumsikiliza, na hilo ndilo lililokuwa likimla kinyozi kuliko yote.

Picha zake za mnato walikuwa nazo, tena tele. Akitembea hawakuwa naye popote. Simu yake ilisagika pamoja na pikipiki. Mkewe kinyozi alikuwa amelisema wazi, macho makavu, anakunja nguo kitandani: "Mimi nataka nimwone akitembea. Hata akipita tu. Nimeanza kusahau anavyotembea."

Sasa ratiba ilikuwa na filamu mbili zilizopigwa kituo kile kile, mwaka ule ule, na mafundi taa wale wale. Moja ya wapagazi waliogoma. Nyingine ya mjane anayekwenda kituoni kila siku kungoja treni. Na waandaaji, Mungu awasamehe, walizipanga zote mbili Jumamosi saa tisa alasiri, moja ukumbi wa juu, nyingine ukumbi wa chini, kila moja mara moja tu. Taa zikishazimwa, milango inafungwa.

Kinyozi alimpigia simu fundi mkuu wa taa. Yule bwana alimwonea huruma kweli, lakini huruma haikumwonyesha mlango wa kuingia. "Mzee wangu, siku zile tulikuwa tunazipiga zote mbili, leo hii, kesho ile. Nakumbuka alipita, tena tulimcheka lile koti. Lakini kwenye ipi, ningekudanganya." Wenye filamu wenyewe walikuwa watu wa kuja na kuondoka. Namba zao ziliita mpaka zikachoka.

Ijumaa jioni, vyombo vikiwa bado mezani, mke na mume wakaanza kuvutana.

"Twende wote ile ya mjane," mke akasema. "Moyo wangu unaniambia yuko huko."

"Moyo wako si ndio uliokuambia dada yako atazaa mapacha?"

"Basi twende ya wapagazi."

"Na kama yuko ya mjane?"

Mke akafuta meza mahali palipokuwa pasafi. Kinyozi akasema la kufanya ni kugawana. Mmoja juu, mmoja chini, hawamkosi.

"Mimi nikae peke yangu gizani, nimtafute peke yangu?" mke akauliza. "Na akiwa upande wangu, nikamkosa, baba?"

"Mama mzazi utamkosaje?"

Alilisema bila kufikiri, kama watu wanavyosema. Kisha akapanga kazi, na aliipanga kwa akili ya kibandani kwake. Ya wapagazi ina umati, alieleza, na kwenye umati watu hawakupi nyuso, wanakupa visogo. Visogo ndiyo kazi yake. Mtu anapita mbele ya kibanda amempa mgongo, na kinyozi anamjua ni nani na mara ya mwisho alinyolewa lini na fundi gani aliyemharibu. Kichwa cha yule mtoto alikuwa akikinyoa tangu utosi haujakaza. Basi umati aachiwe yeye. Ya mjane ina watu wachache, nyuso zinaonekana vizuri, hiyo ni ya mama. Mkewe alikubali shingo upande.

Jumamosi kinyozi alikaa ukumbi wa juu, safu ya mbele kabisa, shingo imemkakamaa. Ukimuuliza leo wapagazi walikuwa wanadai nini, hawezi kukuambia. Watu waliomzunguka walicheka, baadaye wakavuta kamasi, yeye macho yake yalikuwa pembeni mwa pazia la filamu, anahesabia watu masikio. Aliona vichwa vilivyonyolewa kwa mkasi na vilivyonyolewa kwa mashine butu. Aliona kijana mmoja mwembamba amebeba gunia na roho ikamruka, lakini yule kijana alikuwa na mkunjo wa nyama shingoni ambao Waya hakuwahi kuwa nao. Umati ukapita, ukarudi, ukapigwa virungu, ukatawanyika. Mwisho majina yakapanda, na la mwanawe likapanda na ya mafundi taa wenzake, herufi ndogo, likaingia juu likapotea. Watu wakapiga makofi. Kinyozi akabaki amekaa na mikono mapajani, akijifariji kwamba basi yuko chini, mama yake anamwona sasa hivi.

Alishuka ngazi akasimama mbele ya mlango wa ukumbi wa chini. Ulipofunguliwa watu walitoka wakipepesa macho, na mkewe akatoka wa mwisho, mtandio ameukandamiza mdomoni.

"Sikumwona," akasema. "Baba, amekuja upande wangu nimemkosa. Nilikodoa macho mpaka yakaniuma. Nimemkosa mimi."

Kinyozi alimtazama mke wake na akaogopa. Aliona jinsi atakavyolibeba hili, kila siku, jikoni na kitandani, mpaka wazikwe. Mdomo ukamtangulia.

"Hukumkosa. Alikuwa kwangu."

Mkewe akamkamata mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Akitembea?"

"Akitembea. Amebeba gunia, anacheka na mwenzake. Alipita hivi, akavuka reli."

"Amenenepa?"

"Yule anenepe? Yule yule tu."

Mama akalia pale pale mlangoni, akilia na kucheka, na watu wakawapisha wakidhani ni filamu iliyomliza. Kinyozi akamshika bega. Alijiona mwongo, ndiyo, lakini alijiona pia mume, na kati ya hayo mawili alichagua la kumtuliza.

Wakarudi kwa miguu, jua likiwa bado lipo kwenye mabati ya maduka. Mkewe alitaka kuambiwa tena, akaambiwa. Gunia lilikuwa zito? Kidogo. Koti lilimkaa? Lilimpwaya. Akawa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alitembea bila kuinamisha kichwa, akaanza hata kupiga domo, kumsimulia ile ya kwake.

"Yangu ni ya mwanamke na benchi, basi. Treni hazina mtu. Nyuso nilizozihesabu ni za wazee watupu. Halafu kulikuwa na kijana mmoja alinitia hasira, we acha tu."

"Kijana gani?"

"Wala sura yake sikuiona, ametupa mgongo mwanzo mwisho. Ana sanduku na koti la mtu mwingine. Ameganda katikati, kanizibia kituo chote, na nyuma yake naona watu wanapita siwaoni vizuri. Anajifuta tu shingo. Hivi." Akajifuta kisogo kwa mgongo wa mkono, kutoka chini kwenda juu, kwa mkono wa kushoto.

Kinyozi akaendelea kutembea, kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza. Watoto wote aliowahi kuwanyoa hujipangusa nywele kwa kiganja. Wake peke yake alijipangusa hivyo, tangu anakalishwa juu ya kibao ili kichwa kifike, na mpaka ukubwani, hata asiponyolewa, akiona haya kutazamwa.

"Aligeuka?" akauliza.

"Hakugeuka. Nikamwambia kimoyomoyo, wewe kijana, hebu toka hapo, nipishe nimwone mwanangu."

"Akatoka?"

"Akatoka. Akaenda zake na sanduku lake, sikumwangalia tena, nilikuwa nawaangalia wale wa nyuma."

Kinyozi alifungua mdomo. Akatazama mkono wa mkewe uliokuwa umepitishwa kwenye mkono wake, umetulia. Aliona kwamba akilisema, atakuwa amempa mtoto na kumnyang'anya kwa neno moja, na kwamba asipolisema, mtoto atabaki kijana wa watu aliyefukuzwa kituoni. Akaufunga mdomo.

"Hebu nisimulie tena," mkewe akasema, "pale anapovuka reli."

Kinyozi akamsimulia.