CPA ya Maganga

Pale Ibadakuli, ukifiwa, jirani hakutumii pesa akakaa zake nyumbani. Anakuja mwenyewe, anabeba maji, anachimba kaburi, analala matanga. Asiyekuja anatozwa faini. Asiyelipa faini anatengwa, yeye na nyumba yake nzima, hata salamu hapewi. Maganga alizaliwa Usukuma na alilijua hilo vizuri. Ila Maganga alikuwa anatafuta CPA, cheti cha juu cha uhasibu.

Alikuwa mhasibu msaidizi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na cheo cha mhasibu mkuu aliahidiwa siku atakapofaulu mitihani ya bodi ya wahasibu. Hatua ya mwisho ikamtoa jasho. Kodi alifaulu, ukaguzi wa hesabu ukamgomea. Akaurudia Mei, akaurudia Novemba. Jumamosi na Jumapili alikuwa Mwanza kwenye darasa la mapitio. Misiba nayo haikuangalia ratiba ya bodi. Akawa anatuma rambirambi kwa simu, tena nono, na ujumbe mzuri wa pole. Walipomtoza faini ya mchele na mbuzi, akajibu kwamba yuko kwenye mtihani, wasubiri. Msomi mzima, na hapo alikuwa mjinga kabisa.

Wakamtenga. Mwenyewe hakugundua upesi, maana alitoka alfajiri na kurudi kujifungia na vitabu. Aliyegundua ni mama yake, ambaye Maganga alimleta kutoka kijijini ili amtunze. Mama alikuwa mtu wa watu. Akifika bombani, wanawake wanakatisha mazungumzo na kujitwika ndoo zao. Akaacha kwenda. Akawa anakaa uani kutwa, anaongea Kisukuma na kuku. Upweke ule ulimla taratibu, na mwanawe chumba cha pili anakariri viwango vya ukaguzi.

Matokeo yakatoka. Maganga akaja uani, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nimepata CPA."

"Hongera, mwanangu," mama akasema, na alimaanisha. Kisha akauliza, "Sasa watatusalimia?"

Maganga akaangalia geti.

"Basi nirudishe kijijini. Nikifia hapa, utanibeba peke yako."

Jioni ile Maganga akaenda kwa Mzee Ignas, anayesimamia mambo ya misiba mtaani. Akatoa shikamoo. Mzee hakuitikia, akaendelea kukaza kamba za kitanda.

"Mzee, nitozeni. Mbuzi, ng'ombe, chochote. Mama anataka kuondoka."

Ignas akamaliza fundo lake kwanza. "Faini tulikutoza, ukasema tusubiri. Faini ni ya mtu tunayetaka arudi, Maganga. Wewe tumeshakuzoea kutokuwepo."

Akarudi nyumbani akiwa mpweke kuliko siku zote za kusoma. Zamani upweke wake ulikuwa na tarehe ya kwisha. Huu wa sasa hakuujulia mwisho.

Asubuhi bajaji ikaja. Mama akatangulia polepole, Maganga akabaki ndani anafunga sanduku. Mama alipovuka geti, akawakuta wanawake wa mtaa wamesimama nje, kanga mabegani, wengine wameshika vifurushi vya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Mwangaluka, mayu," akaanza Mama Noela wa nyumba ya pili, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama akasimama. Miaka miwili hakuwa amesikia salamu ya asubuhi isipokuwa ya mwanawe.

"Mwangaluka," akajibu.

"Tusamehe, mayu. Umeshatoka kwenye nyumba ile, sasa wewe ni wetu."

Wakamzunguka, wakaongea wote kwa pamoja, wakamfunga kanga mpya kiunoni huku akilia na kucheka. Maganga aliisikia ile sauti ya mama yake akiwa ukumbini, akakumbuka kwamba ndivyo alivyokuwa akicheka. Akatoka na sanduku, akawaamkia.

Wakanyamaza wote, wakampisha apite.