Neno Bure Juu ya Mlango

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna ukuta wa serikali mtaani kwetu ambao brashi yangu haijausemesha. USIKOJOE HAPA, ni mimi. MAEGESHO YA WAKUBWA TU, ni mimi. Na pale zahanati, juu ya mlango wa wodi ya wazazi, kwa rangi nyekundu: HUDUMA ZA UZAZI NI BURE. Mimi pia.

Siku ile marehemu mke wangu alikuja kukagua kama kawaida yake, maana alisoma kunizidi. Akarudi nyuma hatua tatu, mkono kiunoni. "Leo hujala herufi hata moja, baba watoto. Shuka ule."

Miaka miwili baadaye akashika mimba ya uzeeni, mpaka wanetu wakubwa wakawa wanatucheka. Uchungu ulipomwanza nikampeleka mikono mitupu. Si nimeandika mwenyewe? Nesi akatutazama mikononi kabla ya usoni.

"Glavu ziko wapi? Dripu? Uzi? Wembe?"

Nikamwonyesha juu ya mlango.

"Baba, huo ni ukuta. Kabati ni hili." Akalifungua. Ndani mlikuwa na ufagio tu.

Nikakimbia. Duka la dawa la kwanza lilikuwa halijafunguliwa. La pili lina glavu, dripu hakuna. Niliporudi na mfuko wangu, mke wangu na mtoto walikuwa wameshafunikwa shuka tuliyokuja nayo wenyewe.

Nesi simlaumu, nesi hapangi bajeti. Anayekaa kikaoni ni mheshimiwa diwani, yule aliyekata utepe pale mlangoni akaapa kwenye kipaza sauti kwamba hakuna mama atakayekufa tena kwa kukosa huduma. Makofi tulipiga. Hata mimi nilipiga, na rangi ikiwa bado vidoleni.

Sasa mwezi uliopita ndiye aliyeniita zahanati asubuhi. Nilimkuta kasimama chini ya maandishi yangu, dereva wake nyuma kamshikia simu mbili.

"Fundi Brashi! Pole na msiba, mzee wangu."

"Una mwaka na nusu, mheshimiwa."

"Msiba hauzeeki. Sikiliza, keshokutwa tuna wageni kutoka juu. Huo mstari uufute, uandike AFYA YAKO NI JUKUMU LAKO."

"Kwani bure imekwenda wapi?"

"Fungu limekatwa, dawa haziji. Na mimi nikwambie ukweli, mambo ya bure siyaamini. Cha bure hakina heshima. Unampa mtu chandarua, anafugia kuku! Acha watu wachangie, waonje uchungu kidogo."

"Hii ni wodi ya wazazi, mheshimiwa. Uchungu wanao."

Dereva alikohoa kuficha kicheko. Diwani hakucheka.

"Basi niandike kwamba bure imekwisha," nikasema. "Watu wajue."

"Hapana! Hapo utanichongea. Hatusemi ni bure, hatusemi si bure. Umenielewa?"

"Na mke wangu je? Alikufa bure?"

Akatazama saa yake, akanipa pole ya pili, akaingia garini.

Nilibaki na ngazi na makopo ya rangi, nyeupe na nyekundu, roho ikikataa. Lile neno lilikuwa shahidi wangu pekee. Likifutwa, kesho atasema hakuna aliyeahidi kitu, na mimi nitabaki yule mwehu aliyempeleka mkewe kujifungua bila hata wembe. Nikaapa sitalifuta.

Nilikuwa nimepanda ngazi kulitazama kwa karibu tu, nikasikia sauti chini. "Shikamoo, mzee. Hapa ndipo penye huduma ya bure?"

Mwanamume kamshika mkono mkewe, tumbo limeshashuka. Nikamtazama mikononi, kama nesi alivyonitazama mimi. Hakuwa na kitu. Mkewe akanyoosha kidole kwenye maandishi yangu, akasoma polepole, akatabasamu kama mtu aliyefika.

Shahidi wangu ni muongo. Ndiye aliyeniulia mke, na bado yuko kazini.

"Kaka, kimbia," nikamwambia. "Glavu, wembe, uzi, pamba. Duka la kwanza usipoteze muda, wanachelewa kufungua. La pili hawana dripu, hiyo vuka barabara, lile la mlango wa bluu. Nenda!"

Akatoka mbio. Mkewe akakaa benchi, mkono mmoja kashika ngazi yangu, anahema. Nikaipaka N rangi nyeupe, nikaipepea ikauke, nikaandika herufi nyekundu mahali pake. HUDUMA ZA UZAZI SI BURE.

Wanawake wa foleni ya kliniki wakainua vichwa. "Si bure?" mmoja akauliza. Mwenzake akamjibu, "Ah, hii si bure kweli, kuna jambo!" Wakacheka, kisha wakaanza kupekua mikoba yao.

Yule bwana alirudi na mfuko umejaa. Mtoto wao alilia kabla ya saa sita. Nilisikia nikikunja ngazi, na sikujua nifurahi au nikae chini nilie.

Diwani alikuja alasiri, mishipa imemtoka shingoni. "Umenichafua, mzee!"

"Nimebadilisha herufi moja tu. Maneno ni yako."

Akamtafuta fundi mwingine. Kesho yake mstari wote ulikuwa umezama kwenye rangi nyeupe, na juu yake AFYA YAKO NI JUKMU LAKO. Kala U nzima. Marehemu angemrudisha ngazini.

Nilisimama getini nikiusoma. Bibi mmoja akanipita, kamwegemeza mkwewe begani, binti anatembea huku ameuma midomo. Hawakubeba hata kifurushi.

"Mama," nikaita. "Mmebeba glavu?"

Akageuka. "Glavu za nini, mwanangu? Sisi tumekuja kujifungua."